Kandokando ya ziwa si tambarare

Mwandishi wa makala moja ya safari anasema Congo Nile Trail, ile njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi nchini Rwanda, ni rahisi kwa mwendesha baiskeli yeyote kwa kuwa inafuata ufukwe wa Ziwa Kivu. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Niliimaliza yote kwa siku sita, na tambarare ni haba mno. Vilima vinashuka mpaka majini, kwa hiyo kila ghuba unaiteremkia, unavuka kijito, halafu unapanda tena upande wa pili. Kati ya Kinunu na Karongi mvua ilininyeshea, udongo mwekundu ukajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Nikawa naukwangua kwa kijiti kila baada ya hatua chache, watoto wa kijijini wakinisaidia kusukuma. Raba za breki nilizofunga mpya Rubavu zilikwisha kabla sijafika Nyamasheke! Lakini jioni, wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, wanapotoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, wakiimba kwa mpigo wa makasia, uchovu wote unausahau. Waambieni watu ukweli: wa baiskeli wajipangie siku zisizopungua tano, wa miguu kama kumi, na raba za akiba zisikosekane kwenye mkoba. Kuna aliyeanzia Rusizi akapanda kaskazini? Miinuko ya upande huo ikoje?