Bahasha Ilikung'utwa Kwanza

Juzi nilimsikia mgeni mmoja wa kipindi cha redio akizisifu barua ambazo Waairishi waliohamia Marekani waliwaandikia ndugu zao karne ya 19. Eti zilikuwa upendo mtupu, kurasa kwa kurasa, si kama sisi wa leo, ambao ndugu akipiga simu salamu haijaisha ameshauliza "ile kitu imeingia?" Nikazima redio. Hivi mtu anazisomaje habari za Ireland akaruka pesa?

Viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ireland, vilianza kuozea shambani 1845. Kufikia 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine kama milioni moja wameikimbia nchi. Hawakwenda kutalii. Alitangulia mmoja, akapata kazi Boston au New York, akatuma nauli ya anayemfuata, naye akifika anamvuta wa tatu. Wakati mwingine tikiti ilikuja ndani ya barua, imeshalipiwa, jina limeshaandikwa. Hapo hakuna kujadiliana, zamu yako imefika. Usiku wa kuamkia safari wanakukesha kama maiti, watu wanacheza, wanakunywa, wanakuombolezea ungali mzima. Wengi hawakuonana tena na wazazi wao.

Na aliyekuwa akizituma hizo pesa ni nani? Hapa ndipo damu inaponichemka. Mwishoni mwa karne ya 19, karibu nusu ya walioondoka Ireland walikuwa wanawake, wengi mabinti ambao hawajaolewa, na kazi iliyowangoja ilikuwa ya ndani. Matajiri wa Marekani hawakujisumbua hata na majina yao: mtumishi wa Kiairishi aliitwa Bridget, basi. Analala chumba cha juu kabisa, chini ya paa, anakula jikoni kwa watu, kwa hiyo mshahara haumegwi na kodi wala chakula. Nyumbani walilijua hilo vizuri sana! Kodi ya shamba kwa kabaila, yeye. Deni la dukani, yeye. Nauli ya mdogo wake, yeye. Padri anajenga kanisa, yeye tena.

Sasa barua imefika, tuseme kijijini huko Mayo, magharibi mwa Ireland. Mama hajui kusoma, au Kiingereza kilichoandikwa humo kinampiga chenga kwa sababu lugha yake ni Kiairishi. Anaitwa mwalimu, au padri. Majirani wanajaa mpaka mlangoni. Bahasha inafunguliwa, inakung'utwa, hawala inaanguka mezani, nyuso zinakunjuka. Kisha ndiyo inasomwa, na watu wanalia machozi ya kweli. Haya, nakubali, sikusema hawakupendana. Lakini binti aliyeandika anajua kila neno lake litasomwa mbele ya kijiji. Ataandika kwamba mama mwenye nyumba anamtukana? Ataandika kwamba kifua kinambana na hana pa kulalia akifukuzwa? Anaandika "mimi ni mzima, Mungu ashukuriwe," anatia dola ndani, anafunga. Dada zetu walioko Muscat na Riyadh hawahitaji kufafanuliwa hapo.

Wengine walinyamaza kabisa. Gazeti la The Pilot la Boston lilichapisha matangazo ya kutafuta ndugu kuanzia 1831 hadi 1921: parokia aliyotoka, meli aliyopanda, reli au mfereji alioonekana akichimba mara ya mwisho. Wapo waliokufa, najua. Ila mwanamume aliyechimba mfereji mwaka mzima akatoka mikono mitupu, ungetaka aandike nini? Atume salamu peke yake, padri aisome mbele ya watu, kisha kila mtu aikodolee macho bahasha?

Msiniambie kwamba hayo yalikuwa ya zamani. Mwaka 2018, kwenye kura ya maoni kuhusu utoaji mimba, Waairishi walipanda ndege na meli kurudi kwao kupiga kura, baadhi wakichangiana nauli, kwa sababu wanadiplomasia na wanajeshi ndio wanaoruhusiwa kuipiga kwa posta kutoka ng'ambo. Raia wa kawaida hana nafasi hiyo. Hawala zilipita posta miaka nenda rudi bila tatizo. Karatasi ya kura ndiyo eti haipiti.