Faili za nyumbani zibaki nyumbani

Picha za harusi ya mdogo wako ziko kwenye simu, nawe unazitaka kwenye kompyuta iliyo meza ya pili. Wengi wetu tunazituma kwa WhatsApp. Picha zinakwenda hadi kwenye seva za kampuni na kurudi chumba kilekile, zimekula bando wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, na usipozituma kama nyaraka zinafika zimebanwa, ubora umepungua. Video ndefu ndiyo usiseme. Wakati huohuo ruta iko hapo ukutani, na ingeweza kuifanya kazi hiyo bila kugusa hata MB moja ya bando lako.

Programu huria za kuifanya, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, zipo nyingi, tena ni bure. Kinachowashinda watu ni kuchagua. Ukiuliza, aghalabu utaelekezwa Nextcloud, programu ya kuweka faili zako kwenye seva yako mwenyewe, na hapo ndipo ninapopishana na washauri wengi.

Sina ugomvi na Nextcloud yenyewe. Tangu Frank Karlitschek aianzishe mwaka 2016 baada ya kuachana na ownCloud, programu ya aina hiyohiyo, imekua kweli: faili, kalenda, namba za simu, vyote mahali pamoja. Lakini inadai seva inayowaka usiku na mchana, PHP (lugha ambayo programu hiyo imeandikwa), hifadhidata, na mtu wa kusasisha yote hayo. Umeme ukikatika na seva ikazimika, nyumba nzima inasubiri. Kwa shule au ofisi yenye fundi wake, sawa kabisa. Kwa baba, mama na watoto watatu, ni mzigo anaobebeshwa mtu mmoja, na siku akisafiri hakuna wa kumrithi.

Mimi ningeanza na swali dogo: unataka kutuma, au unataka kutunza?

Kama ni kutuma, weka LocalSend na usitafute zaidi. Unaifungua kwenye simu na kwenye kompyuta, zote zikiwa kwenye WiFi moja. Kila kifaa kinajitokeza kwenye kioo cha mwenzake kwa jina la kubahatisha, sifa fulani na tunda au mboga. Unachagua picha, unagusa jina, upande wa pili unakubali, zimefika, na ubora wake ni uleule. Hakuna akaunti wala kujisajili. Inaingia kwenye Android, iPhone, Windows, Mac na Linux, kwa hiyo hakuna anayeachwa kwa sababu ya aina ya simu yake, na hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko sifa nyingine zote. Vifaa visipoonana, angalia kwanza kama kimojawapo kimeingia kwenye mtandao wa wageni wa ruta. Mara nyingi mtandao huo hukataza vifaa kuongea vyenyewe kwa vyenyewe.

Kama ni kutunza, chaguo langu ni Syncthing, iliyopo tangu 2013. Unachagua folda, tuseme ya picha za simu, na inafanana yenyewe na folda ya kwenye kompyuta. Haina seva ya katikati. Umeme ukirudi, vifaa vinatafutana na kuendelea palipoishia, na faili kubwa ikibadilika kidogo vinapelekwa vipande vilivyobadilika tu. Kwa nyumba zetu sifa hiyo ina thamani kuliko sura nzuri ya programu.

Ila sikiliza hapa kwa makini, kwa maana ndipo watu wanapopoteza kumbukumbu zao. Ukifuta picha kwenye simu ili upate nafasi, Syncthing itaifuta na kwenye kompyuta. Ndiyo kazi uliyoituma. Kwa hiyo upande wa kompyuta washa mapema utunzaji wa matoleo ya faili. Kilichofutwa kutoka simuni kitahamishiwa kwenye folda iitwayo .stversions badala ya kutoweka. Na bado picha za harusi na vyeti vya watoto viwe na nakala nyingine kwenye diski ya nje, inayochomolewa na kufungiwa kabatini.

Wapo walioiogopa Syncthing kwa kuwa programu yake rasmi ya Android ilisitishwa Desemba 2024. Mimi tukio hilo limenizidishia imani. Msimbo ulikuwa wazi, na Syncthing-Fork, tawi lililokuwapo tayari, likaendelea na kazi. Watu wakahamia huko na folda zao. Huduma ya kampuni ikifungwa hupati nafasi ya namna hiyo.

Samba, programu ya kufungulia vifaa vingine folda za kompyuta moja kupitia mtandao wa nyumbani, nayo ina mahali pake. Andrew Tridgell aliianza Australia Desemba 1991, na hadi leo inafaa sana pale filamu na muziki vinapokaa kwenye kompyuta moja na wote wanatazama kutoka hapo. Iwekee nenosiri, hata kama mnaaminiana. Jihadhari pia na televisheni za zamani zinazotaka SMB1, itifaki kongwe ya kushirikiana faili mtandaoni, ambayo udhaifu wake katika Windows ndio kirusi cha WannaCry kiliutumia kusambaa Mei 2017. Utakutana na maelekezo ya kuirudisha SMB1 itumike tena, usiyafuate. Televisheni ikiwa haijui kingine, nakili filamu kwenye flashi uichomeke moja kwa moja.