Roma bure, Hyrax Hill kwa dola

Jumamosi moja nilimkuta mwalimu rafiki yangu, anayefundisha historia katika shule ya kutwa hapa Nakuru, ameketi barazani kwake na vijana wawili wa kidato cha tatu wakigombea simu moja. Kioo chake kimepasuka kona. Kilichokuwa kikionekana ni ukurasa wa ngozi uliojaa mwandiko wa Kigiriki wa karne ya 10. Hati yenyewe iko Ujerumani, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, nayo ndiyo iliyotuhifadhia Periplus ya Bahari ya Eritrea: mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini ulioandikwa karne ya 1, unaoitaja pwani ya Afrika Mashariki kwa jina la Azania na bandari yake ya mwisho kusini, Rhapta. Vijana walikuwa wakiukuza ukurasa kwa vidole viwili, wakiupunguza, wakiukuza tena. Hakuna aliyejua hata herufi moja, ila simu haikuwekwa chini.

Enzi zangu shuleni, Azania na Rhapta zilikuwa sentensi mbili za kukariri ili upate alama. Hatukuambiwa sentensi hizo zimetoka wapi. Sasa mtoto wa Kaptembwo anaweza kuliona chimbuko lenyewe, wino na mikunjo, bila kuomba viza. Mwalimu wangu haoni kasoro yoyote hapo. Mkutubi mmoja wa Kisumu tunayefahamiana naye sote wawili anaziona nyingi, na ubishi wao kuhusu maandishi ya kale yanayopatikana bure mtandaoni umenifanya niandike haya. Kwa maneno ya mkutubi, "Vya bure vinatulisha makombo ya karne iliyopita." Mwalimu humjibu kwamba mwenye njaa hachagui kombo.

Nianze upande wa mwalimu, maana alicho nacho mkononi si kidogo. Maktaba ya kidijitali ya Perseus, iliyoanza miaka ya 1980 na yenye makao katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, inakupa Homer, Herodotus na waandishi wenzao wa Ugiriki ya kale kwa Kigiriki na kwa Kiingereza. Ukibonyeza neno la Kigiriki unaletewa kamusi na uchambuzi wa sarufi. Anayetaka Mesopotamia, yaani Iraki ya kale, atakuta mradi wa CDLI una rekodi za vigae zaidi ya 300,000 vya maandishi ya kikabari, alama zilizobonyezwa kwenye udongo: stakabadhi za shayiri, hesabu za kondoo, barua. Papyri.info nayo imekusanya maandishi ya mafunjo kutoka Misri. Mwezi wa Februari 2017 makumbusho ya Metropolitan ya New York yaliachilia picha zipatazo 375,000 za kazi zake, uzitumie utakavyo, hata kwenye fulana za kuuza. Kwa mwalimu ambaye shule yake ina kabati moja la vitabu na ufunguo wake uko kwa naibu mkuu, hii ni neema. Hesabu za kondoo za Wasumeri, watu hao wa Mesopotamia, kwa mfano, amezitumia darasani kufundisha kwa nini maandishi yalizaliwa. Anasema wanafunzi waliotoka katika familia za wafugaji ndio walioelewa haraka zaidi kuliko wote.

Basi makombo yako wapi? Yako hapo hapo kwenye Periplus.

Vijana hawajui Kigiriki, kwa hivyo mwalimu aliwapa tafsiri ya Kiingereza ya Wilfred Schoff, iliyochapishwa New York 1912. Imejaa mtandaoni kwa sababu hakimiliki yake iliisha zamani. Sheria ya Marekani hulinda vitabu vya enzi hizo kwa muda usiozidi miaka 95 tangu kuchapishwa. Katika sura ya 16, Schoff anasema pwani ile inakaliwa na watu warefu mno wenye mazoea ya uharamia, kila mahali pakiwa na chifu wake. Vijana wakaandika: wenyeji wa Azania walikuwa maharamia. Mwalimu akatia vema.

Lakini kuna tafsiri ya Lionel Casson, iliyotolewa na Princeton 1989. Watu wale wale, wenye miili mikubwa vile vile, kwa Casson si maharamia hata kidogo. Ni wakulima. Yote yametokana na neno moja. Hati ina neno ambalo likisomwa lilivyo halileti maana nzuri, na wasomi wamelazimika kulirekebisha. Aliyeona *peiratai* alipata maharamia, aliyeona *arotai* alipata walimaji wa ardhi. Kwa Kigiriki ni herufi chache tu. Kwa mtoto wa Kenya anayesoma jinsi wageni walivyowaona watu wa pwani miaka 2,000 iliyopita, umbali wa mwizi wa baharini na mtu mwenye shamba si mdogo.

Schoff ni bure. Casson ananunuliwa, na mwalimu hana.

Hapo hoja ya mkutubi inauma. Hakimiliki imechora mstari, na upande ule wa bure umejaa vitabu vya enzi za ukoloni, vilivyoandikwa na watu waliokuwa na mawazo yao kuhusu nani ni jambazi na nani mstaarabu. Sisemi Schoff alikuwa na nia mbaya. Alisoma neno bovu kama wengine walivyolisoma. Ila anayekula cha bure peke yake hatajua kwamba mjadala uliendelea baada ya 1912. Misri ni vivyo hivyo. Andika Kitabu cha Wafu, maandishi ya mazishi ya Wamisri wa kale, kwenye simu, na tafsiri ya Wallis Budge, ya 1895, itakuwa miongoni mwa za kwanza kukulaki. Walimu wa elimu ya Misri ya kale wamechoka kuwaonya wanafunzi wao kwamba imepitwa na wakati. Inaendelea kutamba kwa sababu hailipiwi.

Hata hivyo mkutubi anapitiliza anapotaka watoto wazuiliwe kutumia vya bure hadi wapate vitabu vizuri. Vitatoka wapi? Halafu kuna jambo analoliruka: kilichomwumbua Schoff nacho ni cha bure. Picha ya hati iko wazi, kamusi ya Kigiriki iko wazi. Akitokea hapa Nakuru mtu mmoja anayesoma Kigiriki, na ukienda vyuo vya theolojia hutawakosa, anaweza kukaa na vijana wale akawaonyesha neno lenyewe kwenye ngozi. Zamani mtu wa kufanya hivyo alilazimika kupanda ndege. Gharama haikuondoka, imehama: kutoka nauli na ada ya maktaba hadi kwa mtu mwenye ujuzi wa kukwambia unatazama nini. Mtu huyo ndiye hatuna bajeti yake.

Kuna upande mwingine ambao wote wawili hawakuugusa, na ndio unaonikera mimi zaidi.

Kilomita chache kutoka baraza ile, kando ya barabara ya kwenda Nairobi, kuna Hyrax Hill, kilima cha pimbi. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale 1937 na 1938 akakuta makaburi ya watu wa kale na mabaki ya makazi. Kuna mashimo ya boma za Wasirikwa, wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa, na kuna mbao za bao zilizochongwa kwenye mwamba, vishimo vyake vimelainika kwa mikono ya waliocheza. Makumbusho yenyewe ni nyumba ya zamani ya shamba la mzungu. Ni historia ya kale ambayo mwanafunzi wa Nakuru anaweza kuiendea kwa miguu.

Sasa itafute kwenye simu. Ripoti ya Mary Leakey ilitoka 1945 katika jarida la kisayansi la Afrika Kusini. Nilipoifuata nilisimamishwa na ukurasa wa malipo, bei kwa dola, kwa uchimbaji uliofanywa mahali ninapopaona nikiwa ndani ya matatu. Nikageukia jarida kuu la akiolojia ya ukanda huu, Azania, linalotoka tangu 1966 chini ya taasisi ya Waingereza iliyoko Nairobi. Makala yake mengi ya miaka iliyopita yanasomwa na mwenye chuo kilicholipia usajili. Tazama jina la jarida hilo, kisha tazama nani yuko nje ya mlango. Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Huku kwetu methali imepinda: cha Mroma tunakila bure, chetu tunauziwa.

Sababu si njama. Ya Roma na Misri yamewekwa wazi kwa kuwa yamechapishwa tangu karne ya 19 na yana vyuo tajiri vya kuyahudumia. Uchimbaji wa kwetu ni wa juzi, kwa hivyo bado uko ndani ya hakimiliki ya wachapishaji. Na msomi wa Maseno au Egerton anayetaka kazi yake mpya isomwe bure hukutana na kisiki kingine, kwa kuwa majarida mengi humtoza mwandishi badala ya msomaji. Jarida la sayansi la Nature lilipotangaza ada yake mwishoni mwa 2020, ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja. Majarida ya akiolojia hayafiki huko, na mengine husamehe waandishi wa nchi zetu wakiomba, lakini kuomba nako ni kazi. Ufikiaji huria wa namna hii unamfungulia msomaji mlango na kumfungia mwandishi.

Halafu lugha. Mwaka 2024 watafiti walitangaza mabaki ya kunde yenye umri wa miaka 2,300 kutoka pango la Kakapel, Busia, pamoja na wimbi wa miaka 1,000 hivi. Kunde! Mboga hii hii inayouzwa kwa mafungu sokoni Kibuye. Ni habari ambayo mama muuza mboga angeifurahia kuliko profesa, lakini imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na hata ingekuwa bure kiasi gani isingemfikia.

Kuhusu bando sisemi mengi. Kila mtu anajua kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kinavyomeza megabaiti, ndiyo maana mwalimu hupakua mara moja kwenye saiba na kuwagawia wanafunzi kwa bluetooth.

La kutegemea watu wa mbali ndilo zito zaidi. Oktoba 2023 maktaba ya taifa ya Uingereza ilivamiwa na wadukuzi, na hati zake za kale zilizokuwa mtandaoni zikatoweka kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata, mwezi huo huo, Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, nayo ilizimika kwa siku kadhaa baada ya kushambuliwa. Aprili 2025 serikali ya Marekani ilifuta misaada mingi ya mfuko wake wa taaluma za kibinadamu, ambao miaka yote umelea miradi ya aina hii. Mkutubi hupenda kuniambia kitabu kilichoko rafu ya Kisumu hakizimiki. Ni kweli, ingawa rafu zenyewe nimeziona, na mchwa hawahitaji kudukua.

Mimi nimeegemea kwa mwalimu, kwa sharti moja. Mwanafunzi apewe Schoff, lakini apewe pamoja na mwaka wake: 1912, uandikwe ubaoni kabla ya jina la mwandishi. Vyuo vyetu vina hazina zao za kidijitali ambamo tasnifu za wanafunzi huwekwa. Wahadhiri wangeweza kuweka humo rasimu za makala yao, kwa kuwa wachapishaji wengi huruhusu rasimu hata pale wanapouza toleo la mwisho, na gharama yake ni muda wa kuipakia. Hilo halihitaji yuro 9,500.

Nilimpelekea mwalimu picha ya ukurasa wa Casson niliyotumiwa na jamaa aliye chuoni ng'ambo. Jumatatu aliusoma darasani. Anasema palizuka kelele. Mmoja wa wale wawili wa barazani alitaka kujua kama alama aliyopata kwa jibu la maharamia itafutwa, na mwingine akauliza mbona Mgiriki hakuandika vizuri. Mwalimu aliacha alama kama zilivyokuwa. Swali la pili amenirushia mimi, na ninatafuta mtu wa theolojia wa kulijibu.