Risasi Isiyo na Mwenyewe: Kifo cha Lexa katika The 100

Tarehe 3 Machi 2016 kituo cha CW cha Marekani kilirusha sehemu ya saba ya msimu wa tatu wa The 100, na kabla usiku haujaisha mitandao ilikuwa inawaka moto. Lexa, kamanda wa muungano wa koo 12, aliuawa kwa risasi iliyokusudiwa mtu mwingine. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa kitandani na Clarke, mhusika mkuu wa tamthilia na mwanamke mwenzake, baada ya wawili hao kuzungukana kwa zaidi ya msimu mzima.

Wapo waliosema, na hadi leo wapo, kwamba hii ni tamthilia inayoua kila mtu, kwa nini Lexa apewe kinga? Wengine wakajibu kuwa televisheni ya Marekani ina mazoea ya kuwafukia wanawake wanaopenda wanawake mara tu wanapoonja furaha, na huyu alikuwa wa kuongezwa kwenye orodha. Kwa maoni yangu, kosa la kifo kile lilianzia kwenye ufundi wa hadithi, kisha uwakilishi ukalitia uzito. Ila kuna kifo kingine, sehemu mbili tu baadaye, kinachoitikisa hoja hiyo, nami nitakifikia.

Kwa asiyeiona: miaka 97 baada ya vita vya nyuklia, mabaki ya wanadamu wanaishi angani kwenye chombo kiitwacho Ark. Hewa inakwisha. Mtu mzima akitenda kosa lolote hutupwa nje ya chombo akafie angani. Aliye chini ya miaka 18 hufungwa tu. Watawala wanaamua kuwateremsha vijana 100 kutoka gerezani ili wakaone kama dunia inakalika. Inakalika, na kumbe ina wenyewe: watu wa ardhini, wanaoishi kwa koo, na ndio ambao Lexa ni kamanda wao. Jason Rothenberg aliijenga tamthilia hii kutoka kwa riwaya za Kass Morgan, lakini alizichezea sana: Lexa hayumo vitabuni kabisa, na Wells, kijana anayeishi katika riwaya, kwenye televisheni anachomwa kisu katika sehemu ya tatu.

Huyo Wells ndiye anayetufundisha namna ya kuitazama The 100. Anayemuua ni Charlotte, mtoto wa kike ambaye wazazi wake walitupwa nje ya chombo kwa amri ya baba yake Wells. Hukumu ya mtawala inamrudia mtawala kupitia mkono wa mtoto. Tangu hapo kanuni ni hiyohiyo: kila kifo kikubwa kinatokana na uamuzi wa mtu fulani, na mtu huyo atadaiwa. Hewa inapozidi kupungua, watu 320 wanajitolea kufa ili wengine wapumue. Finn, mpenzi wa Clarke, anaua wanakijiji akimtafuta. Watu wa ardhini wanadai roho yake, na Clarke anamchoma kisu mwenyewe ili asife kwa mateso. Mwisho wa msimu wa pili, Clarke na vijana wenzake Bellamy na Monty wanaingiza mionzi ndani ya handaki la Mount Weather na kuua jamii nzima iliyojificha humo ikinyonya damu na uboho wa wenzao waliotekwa, pamoja na watoto na hata watu wa handaki waliokuwa wamewaficha mateka hao. Hakuna anayefurahia ushindi ule. Clarke anashindwa hata kuingia kambini, anaondoka zake porini.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoidharau kama tamthilia ya watoto wenye sura nzuri. Maswali yake ni mazito kuliko ya tamthilia nyingi za watu wazima.

Sasa turudi kwa Lexa, na tuanze na utetezi, maana upo na si wa kubeza. Alycia Debnam-Carey, aliyemwigiza, alikuwa ameshachukuliwa na Fear the Walking Dead ya kituo kingine, AMC. Waandishi walikuwa naye kwa sehemu chache tu. Zaidi ya hayo, simulizi lilihitaji mwili wake: kila kamanda hubeba shingoni kifaa kidogo chenye akili mnemba, na kifaa hicho hakionekani mpaka kamanda afe. Bila kifo chake, mkondo wa ukoo wa makamanda na ule wa ALIE, mashine iliyoangamiza dunia, usingekutana. Tena Lexa hakuandikwa kama pambo la mapenzi. Alikuwa mwanasiasa: aliunganisha koo zilizochinjana kwa miaka, akamsaliti Clarke kwenye lango la Mount Weather ili kuokoa watu wake, kisha akageuka na kukataa kulipiza damu kwa damu. Mhusika wa aina hiyo ni zawadi, afe asife.

Lakini aliuawaje? Titus, mshauri wake, anaamini mapenzi kwa Clarke yanamdhoofisha kamanda. Anachukua bastola, silaha ambayo watu wao hawaigusi, anamfyatulia Clarke, anakosa, Lexa anafungua mlango. Basi. Mtetezi atasema mwenye kifo yupo, ni Titus. Ndiyo, lakini Titus aliamua kumuua Clarke. Kwa Lexa ilikuwa ajali, na ajali ndicho kitu pekee ambacho tamthilia hii ilikuwa haijawahi kukitumia kwa mtu mkubwa kiasi hicho. Kinachoniuma kama mtazamaji ni kwamba kifo chenye mwenyewe kilikuwa mezani, katika sehemu hiyohiyo. Watu wa Clarke walikuwa wamewaua askari 300 waliotumwa na Lexa kuwalinda. Akakataa vita, akaamuru wazungukiwe tu. Mabalozi walinung'unika, na mwanakijiji aliyefiwa na watu wake alijaribu kumuua kwa sababu hakulipiza. Titus ndiye aliyemwokoa! Lexa angeuawa na mtu huyo, kifo kingekuwa bei ya amani yake, na Clarke angebaki na deni la kulipa. Badala yake waandishi walimwondoa muuaji mwenye sababu, wakaleta risasi iliyopotea.

Hapo ndipo uwakilishi unapoingia, na unaingia kwa nguvu kwa sababu risasi hiyo ilishaonekana. Mwaka 2002, katika Buffy the Vampire Slayer, Tara aliuawa kwa risasi isiyo yake mara baada ya kurudiana na mpenzi wake Willow. Mtazamaji aliyekuwa kijana wakati ule alikuwa mtu mzima 2016, na alikumbuka. Isitoshe, katika miezi ya kabla ya sehemu ile mashabiki wa mitandaoni waliambiwa watulie. Debnam-Carey alionekana Vancouver akirekodi sehemu ya mwisho wa msimu, wakaamini Lexa yuko salama. Kumbe alikuwa anarekodi kurudi kwake ndani ya ulimwengu wa kidijitali. Kilichowaudhi wengi ni kuvutwa kwa matumaini ya uongo kuliko hata mazishi yenyewe.

Hawakuishia kulalama. Walichangisha zaidi ya dola 100,000 kwa ajili ya Trevor Project, shirika linalozuia vijana wanaopenda jinsia yao na wenzao wa jamii ya LGBTQ kujiua, na mwaka uliofuata likaanza huko Las Vegas kongamano la mashabiki liitwalo ClexaCon, jina lililounganisha Clarke na Lexa. Rothenberg aliandika kuomba radhi kabla mwezi Machi haujaisha, akikiri kwamba hakuona uzito wa kuweka kitanda na kifo bega kwa bega namna ile. Sijui tamthilia nyingine ya vijana ambayo watazamaji wake walimlazimisha muumbaji kujieleza hivyo.

Najua wapo wasomaji wa Kiswahili, pengine wengi, wasiokubaliana na mapenzi ya jinsia moja. Hoja hii haiwaombi wabadili msimamo. Mwandishi akivunja kanuni ya hadithi yake kwa mhusika wa kundi fulani, na akaivunja palepale wengine walipozoea kuivunja, mtazamaji yeyote ana haki ya kuuliza kwa nini pale.

Sasa Lincoln. Shujaa wa watu wa ardhini, mpenzi wa Octavia, dada yake Bellamy, akiigizwa na Ricky Whittle. Kiongozi mpya wa watu wa angani, Pike, anapanga kuwaua wafungwa. Lincoln anaweza kutoroka, lakini anajisalimisha ili wao wapone. Anapigishwa magoti na kupigwa risasi ya kichwa huku Octavia akitazama kutoka mbali. Kwa kipimo changu cha ufundi, kifo hiki hakina dosari: ni uamuzi wake, bei inajulikana, na Octavia atalipiza hadi roho yake ichafuke. Lakini hebu tazama picha yenyewe. Mwanamume mweusi, amefungwa mikono, amepiga magoti, anauawa na mwenye mamlaka, kwenye skrini za Marekani ya mwaka 2016, nchi ambayo video za watu weusi wakiuawa na polisi zilikuwa habari ya kila mara. Kwamba Pike naye ni mweusi hakupunguzi kitu, pengine kunaongeza. Whittle mwenyewe alisema hadharani kuwa nafasi yake ilikuwa imebanwa hata akaona heri aondoke.

Kwa hiyo hadithi inaweza kuwa sahihi na picha ikawa mbaya. Hapa nalazimika kuwapa haki waliosema tangu mwanzo kwamba ufundi hautoshi kuwa hakimu peke yake.

Chanzo, nadhani, kiko kwenye kiburi kimoja cha bunilizi za kisayansi. The 100 ilijitangaza kama ulimwengu usio na lebo: hakuna anayeshangaa Clarke kumpenda mwanamume kisha mwanamke, hakuna anayetaja rangi ya ngozi, wanawake wanaongoza majeshi bila kuombewa ruhusa. Ni jambo zuri. Mtazame Indra, jemadari mwanamke mweusi aliyevuka misimu yote, au Raven, fundi mwenye mguu usiofanya kazi ambaye hakuponywa kwa muujiza ili mtazamaji ajisikie vizuri. Ila anayetazama haishi kwenye ulimwengu huo. Mwandishi anasema rangi haina maana miaka 97 baada ya mabomu. Mtazamaji yuko sebuleni, leo, ambako ina maana.

Kiburi hichohicho kinaonekana kwa watu wa ardhini. Wapakwa rangi usoni, koo, mikuki, kiapo cha damu kwa damu: ni picha ya zamani ya "wenyeji" inayojulikana vizuri na yeyote ambaye babu zake waliwahi kuambiwa kuwa ardhi yao ni tupu. Tamthilia inaisahihisha kwa ujanja: hawa nao ni wajukuu wa Wamarekani, lugha yao, iliyotungwa na mtaalamu David J. Peterson, imezaliwa na Kiingereza, na kijiji chao cha TonDC kimepata jina kwenye bango lililovunjika la Washington DC. Nusu nzima ya msimu wa kwanza, hata hivyo, inatumia woga uleule kabla ya kuusahihisha.

Msimu wa saba, mwaka 2020, ulinipa jaribio la mwisho. Zikiwa zimebaki sehemu tatu, Clarke anampiga risasi Bellamy, rafiki aliyepitia naye kila kitu tangu siku ya kwanza, ili daftari la michoro la binti yake wa kulea lisiangukie mikononi mwa adui. Mwenye kifo hana utata hapa: ni mhusika mkuu, kwa mkono wake, kwa macho makavu. Kisha anakimbia na kuliacha daftari. Adui analipata. Watazamaji waliomtetea Rothenberg kwa miaka minne walimwacha usiku ule, nami nilikuwa mmoja wao, kwa sababu safari hii bei ililipwa yote na hakikununuliwa chochote.