Msituambie kilomita, tuambieni mabenchi yako wapi

Matangazo ya matembezi ya kutazama ndege mjini yana sentensi moja inayonikera: "Njia rahisi, kilomita 2, wazee mnakaribishwa." Aliyeiandika amempa mzee namba asiyoihitaji, akamnyima habari anazozihitaji. Mwenye goti bovu haulizi urefu wa njia. Anauliza: nikichoka nitakaa wapi, na kutoka hapo hadi pengine pa kukaa kuna mwendo gani? Kilomita 2 zenye benchi kila mita 50 zinatembeka kwa watu wengi wenye miaka 80. Mita 400 zisizo na pa kukaa zinaweza kuwashinda baadhi yao. Wanalijua hilo, kwa hiyo wanabaki nyumbani, na waandaaji wanahitimisha kwamba wazee hawapendi ndege. Hitimisho hilo linauma kwa sababu si kweli.

Mwongozo wa serikali ya Uingereza kuhusu njia za waenda kwa miguu unataka viti visiachane zaidi ya mita 50 mahali panapopitwa sana. Haya, najua bustani nyingi hazitafika huko karibuni. Basi iwe mita 100, na mwandaaji abebe viti viwili vya kukunja vya kuziba pengo. Lakini apime kwa miguu yake, asikisie kwa ramani.

Na si kila benchi linafaa. Mtazame mzee anavyoinuka: anasogea hadi ukingoni mwa kiti, anarudisha nyayo nyuma ya usawa wa magoti, anainamisha kifua mbele, ndipo anajisukuma kwa mikono. Benchi la zege lililozibwa chini halimwachii nafasi ya kurudisha miguu. Lisilo na mikono halimpi pa kujisukumia. Lililo chini sana linaweka magoti juu kuliko nyonga, na hapo nguvu za mapaja hazitoshi. Linalofaa lina kimo cha sentimita 45 hadi 48, lina egemeo, na mikono yake miwili inafika mbele kabisa, kwa sababu mkono husukuma ukiwa mbele. Ubavuni liwe na sakafu ngumu yenye upana wa mita moja hivi, ili mwenye kitimwendo akae sambamba na wenzake, asiachwe nyuma yao akitazama visogo. Siku ya jua kali, benchi lisilo na kivuli ni sawa na kutokuwepo.

Wengine hudhani benchi ni la kupumzikia tu, na kwamba kutazama ndege ni kutembea. Sikubali kabisa. Ndege humkimbia anayesogea na humzoea aliyetulia. Keti dakika 20 ukiwa umeligeuzia jua mgongo, mbele yako maji au ukingo wa kichaka, na mdiria aliyeruka ulipofika anaweza kurudi kwenye tawi lake. Klabu ya ndege ya New Haven, jimbo la Connecticut huko Marekani, ilianzisha shindano zima la namna hiyo: timu inahesabu ndege inaowaona au kuwasikia ikiwa ndani ya duara lenye kipenyo cha futi 17. Watazamaji hodari hushiriki. Kwa nini basi mzee anayetazama akiwa ameketi aonekane amefanya nusu ya kazi?

Darubini nazo. Watu humnunulia mzee 10x42 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita) wakidhani kubwa ndiyo bora. Nyingi zina gramu 600 na kuendelea, na zinakuza mtetemo wa mkono mara kumi pamoja na ndege. Mpeni 8x32. Mwanga unaofika jichoni unakaribiana sana, na mboni ya mzee hata hivyo haifunguki sana. Mkanda uwe wa mabegani, usiwe wa shingoni. Anayevaa miwani ashushe vikombe vya macho, yaani zile pete za mpira zinazogusa uso, la sivyo ataona kitobo kidogo chenye giza pembeni. Kila darubini inapobadilisha mikono irekebishwe upya: jicho la kushoto kwa gurudumu la kati, kisha la kulia kwa pete yake.

Shingo ichungwe. Kutembea huku umeinua uso kunaangusha watu, na kuangalia juu kwa muda mrefu kunaleta kizunguzungu. Simama kwanza, shika kitu, ndipo utazame. Ndege akiwa kileleni, rudini nyuma mita 20 mumtazame kwa mbali badala ya kukunja shingo chini ya mti. Njia yenye kokoto zisizoshindiliwa isiitwe rahisi.

Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na ndege wengi wadogo huimba huko huko. Sipendi kuona watu wakiikodolea simu macho huku kichaka kiko mbele yao, ila nakubali kwamba Merlin, programu ya simu ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani inayotambua ndege kwa sauti, humwonyesha mzee kuwa kuna ndege anaimba hapo asiyemsikia. Inakosea mara kwa mara, kwa hiyo jina ilitoalo lithibitishwe kwa macho.

Mwisho, saa. Mnapanga alfajiri kwa sababu ndege huimba alfajiri. Wazee wengi humeza asubuhi dawa za presha au moyo zinazoongeza mkojo, na zile kali hufanya kazi zaidi ndani ya saa moja au mbili. Pasipo choo njiani, mtu huamua kuruka dozi ili aje, na hilo ni hatari. Choo kiwepo mwanzoni na katikati ya njia, na tangazo liseme hivyo. Kisha chagueni ukingo wa ziwa au bwawa, muanze saa nne asubuhi: bata na yangeyange bado watakuwa majini.