Mwenye leseni anafunga saa kumi na moja, mimi nafika saa moja na nusu

Siku 60 za kazi, hizo ndo sheria ya kazi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama akijifungua, baba anapewa siku 4. Hesabu vizuri, mtoto anafika wiki ya kumi na mbili na wewe unatakiwa uwe umerudi mezani kwako ofisini. Zangu ziliisha siku ya Ijumaa, na shingo ya mtoto ndo kwanza ilikuwa inaanza kukaza. Ikabidi nitafute deikea, mahali pa kumwacha kutwa nikiwa kazini.

Tunakaa Kireka, kazi yangu iko katikati ya mji wa Kampala. Watu wa Jinja Road mnanielewa bila maelezo. Ili nifike saa mbili asubuhi lazima niwe stegi saa kumi na mbili na nusu, jioni taksi ikiingia kwenye jam pale Lugogo hapo mnakaa mpaka dereva anazima injini, kwa hiyo siku njema naingia nyumbani saa moja na nusu usiku, mvua ikinyesha usiniulize. Hayo ni masaa kumi na matatu. Sikuwa natafuta shule, sikuwa natafuta wa kumfundisha mtoto wa miezi mitatu rangi kwa Kiingereza, nilitaka mtu mzima mwenye akili timamu, nyumba safi, na serikali iwe inajua kwamba hapo wanalelewa watoto. Basi.

Mtu ataniambia chukua yaya. Nilifikiria sana. Lakini mimi ni kati ya wale waliokuwa Kampala Novemba 2014 ile video ya yaya akimpiga na kumkanyaga mtoto mdogo iliposambaa, yule binti alifungwa miaka 4 mwezi uliofuata, na najua wako mayaya wengi wazuri wanaolipwa vibaya na bado wanampenda mtoto wa watu, ila kumfungia binti wa miaka kumi na nane na kichanga ndani ya nyumba kutwa nzima peke yao, hakuna wa kumsaidia hata akitaka kwenda chooni, hiyo mi naona ni kuwaonea wote wawili.

Nikaanza kuzunguka. Deikea ya kwanza ilikuwa upande wa Ntinda, nzuri kweli, vitanda vidogo vyenye neti, kila mlezi ana watoto wanne tu, leseni yao ya elimu ipo na mwenye kituo akanitolea mwenyewe bila kuombwa mara mbili. Nikafurahi mpaka nikauliza saa ya kufunga. Saa kumi na moja jioni. Ukichelewa unalipa faini kila robo saa. Halafu shule ikifunga na wao wanafunga, yani Mei, Agosti mwisho na Desemba mpaka Januari mtoto ni wako, maana deikea yenyewe imeshikizwa kwenye nasari na inafuata muhula kama beibi klasi. Sasa mwajiri gani hapa mjini anampa mama likizo mara tatu kwa mwaka kufuata kalenda ya nasari?

Ya pili iko karibu na kwetu, inafunga saa moja, nikaona hii ndo yenyewe. Nikauliza leseni, mwenyewe akanionyesha ukutani, karatasi ndani ya fremu na mhuri wake. Nikasogea nikasoma. Ilikuwa leseni ya biashara, ileile anayokata mtu wa saluni au wa duka la simu. Inasema umelipa ada ya kufanya biashara mwaka huu, haisemi kama kuna mtu amekuja kuangalia vyoo, wala watoto wanalala wangapi kwenye godoro moja. Na wazazi kumi na tano wanapita chini ya ile fremu kila asubuhi wamepoa roho. Siwalaumu, hata mimi ningesimama mbali ningeona mhuri tu. Kwa hiyo ukienda mahali usiulize “mna leseni?” Uliza leseni ya nini, imetolewa na ofisi ya elimu au ya biashara, uishike mkononi usome.

Nikataka kwenda ofisini kuhakikisha. Hapo kuna kitu wengi hatujui. KCCA, yani mamlaka ya jiji la Kampala, ina divisheni tano, Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga, ukipita Banda ukaingia Kireka umeshatoka Kampala, uko manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, japo macho yako yanaona mji uleule na jam ileile. Nilipanga foleni nusu siku kwenye ofisi isiyo yangu. Ile nusu siku ilikatwa kwenye mshahara.

Nikamaliza kwa Jajja, yani bibi kwa Luganda. Simtaji jina. Ni mama wa miaka sitini hivi, amestaafu, anakaa nyuma ya soko, anapokea watoto kuanzia saa kumi na mbili alfajiri na hafungi mpaka mzazi wa mwisho amefika, anasema mtoto si duka la kufungia. Siku ya kwanza nilimkuta na watoto tisa, yeye na binti yake mkubwa. Nilikaa pale saa nzima bila kuaga, na nawashauri mfanye hivyo, kaa mpaka wakusahau. Niliona sigiri, lile jiko la makaa, imewashwa karibu na mlango kwa kimo cha mtoto anayetambaa, nikasema, wakaihamisha nyuma siku hiyohiyo. Niliona maji ya kunywa yamechemshwa. Niliona mtoto akilia anabebwa, hapigiwi kelele. Na niliona watoto wako macho mchana wanacheza, hilo kwangu lilikuwa kubwa, maana mtoto anayerudi kila siku amelala fofofo usishukuru haraka, uliza amepewa dawa gani.

Jajja hana leseni. Hana hata moja. Na mimi nikamwachia mtoto wangu.

Hapo ndo kuna jambo linaniuma na sitaki tulipitie juu juu. Sera ya nchi ya mwaka 2007 ya watoto wadogo iliwataja watu kama Jajja, ikasema kuna nasari, kuna deikea, kuna vituo vya jamii na kuna vituo vya nyumbani. Wametambuliwa kwenye karatasi. Lakini mlango wa kuombea leseni umetengenezwa kwa ajili ya shule, mkataba wa nyumba au kiwanja, mkaguzi wa afya, vyeti vya walimu, wakati Jajja ana vyumba viwili vya kupanga na miaka arobaini ya kulea. Atafanya nini? Anajificha. Akisikia wakaguzi wako mtaani anawaambia wazazi leo msilete. Aliyejificha hawezi kuuliza mtu afanye nini mtoto akikabwa na uji, hawezi kulalamika, na siku mtoto akiumia kila mtu atasema mzazi alikuwa mzembe.

Sheria ya elimu ya 2008 imeiachia sekta binafsi elimu yote ya kabla ya darasa la kwanza, na analipa mzazi. Elimu ya bure iliyoanza 1997 inamngoja mtoto kwenye mlango wa P1, kabla ya hapo banange jitegemee. Kisha wakati wa korona shule zikafungwa Machi 2020, za wadogo hazikufunguliwa mpaka Januari 2022, vituo vingi vya wadogo vikashindwa kodi ya nyumba na havikufunguka tena. Nenda Kalerwe au Nakawa sokoni uone watoto wamelazwa kwenye boksi chini ya meza ya nyanya. Wale mama hawakukosa akili, wamekosa pa kumwacha mtoto mpaka jioni.

Mi nimekulia kambi ya polisi Nsambya, Kiswahili changu kimetoka huko. Mama akienda zamu ya usiku niliachwa kwa mama Zubeda nyumba ya tatu na hakuna aliyeuliza karatasi, kila mlango ulijua mlango wa pili. Leo jirani wa ukuta wangu simjui jina, kuna geti katikati. Ndo maana naitaka leseni. Mimi na mwenzangu hatujuani tena, basi mtu fulani atujue wote wawili.

Ninachoomba ni leseni ndogo ya mlezi wa nyumbani. Idadi ya watoto iwekewe mwisho kufuata vyumba na mikono iliyopo. Mtu wa afya aje mara chache kwa mwaka akiwa rafiki kwanza, wapewe mafunzo ya siku chache ya huduma ya kwanza, ada iwe ile mama wa mtaani anaweza. Na orodha ya wenye leseni zote, wakubwa na wadogo, ibandikwe kwa mwenyekiti wa LC1, lile baraza la mtaa, na pale manispaa ili mzazi asisome fremu ukutani akabahatisha. Namba 116 ya Sauti, ile ya bure ya watoto, iandikwe kwenye kila mlango wa deikea kwa maandishi makubwa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza Jajja kwa mwenyekiti. Akaandikiwa barua kwamba anajulikana, anakaa hapa, analea watoto, ikapigwa mhuri. Ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro, na kila nikienda kumchukua mtoto ananiuliza, “Mama, wamekwambia niipeleke ofisi gani?”