Karibu Yangu Imeniponza

Leo nimeshinda na njaa kwa sababu ya adabu. Na tarehe zenyewe mnazijua, zile za mfuko mtupu.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Bagamoyo, jirani na walikopanga wanafunzi wa kigeni wanaokuja kusomea ngoma. Saa saba mchana nimefunua sahani yangu: wali, maharage, kibua mmoja wa kukaanga. Akapita Mjerumani wangu, yule mrefu. Nami, kama mtu yeyote aliyelelewa, nikasema, "Karibu chakula."

Jamani, jibu si mnalijua? "Asante, endelea." Mtu anapita zake, mimi nabaki na heshima yangu na kibua wangu.

Akavua viatu.

Akavuta kigoda, akanawa kwenye beseni langu la kutafutia pancha, akaanza na kibua. Si mkiani: ubavuni, kwenye nyama! Nikasema "kula, kula," maana mdomo umeshazoea. Akala. Nikanyamaza, akala. Nikaweka mkono kando ya sahani kama mtu anayepima kiwanja, akauzunguka. Ila jasho linamtoka, anatafuna kama anameza kwinini. Nikamuuliza, vipi, pilipili?

"Hapana, mzee. Nimetoka kula, nimeshiba sana. Lakini kabla ya kuja huku tulifundishwa: ukikaribishwa, kukataa ni kumtukana mwenyeji."

Wallahi nilitaka kulia. Mimi nimekaribisha kwa adabu, yeye amekula kwa adabu, na mwenye njaa pale alikuwa mmoja tu!

Ndiye huyuhuyu juzi alijikwaa, nikamwambia pole, akanijibu, "Si kosa lako." Tena yeye ndiye anayemwamkia shikamoo mwanangu wa darasa la pili, mtoto sasa kazoea kuitikia marahaba, mpaka bibi yake kalalamika.

Tena nimekumbuka, Wajerumani waliufanya mji huu makao yao makuu hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam. Sitashangaa kama kuna babu yetu mmoja alikuwa anakula barazani, akasema tu "karibuni".

Mama ntilie kaja kuchukua sahani. Nikamnong'oneza aniongeze hata ukoko. "Umekwisha, baba. Na wa jana hujalipa."

Sasa kuna paka hapa. Kaitazama ile miiba, kanitazama mimi, kaenda zake kwa fundi viatu.